Ubeti wa Tatu

Jumapili, baada ya ibada ya pili,
wanakuja nyuma ya cherehani yangu, Chang'ombe,
kila mtu na kaseti yake ndani ya soksi
au kopo la maziwa ya unga, vumbi lisiingie.
Njamasi huleta betri alizozianika juani tangu Ijumaa.
Sechelela huleta karanga, na ubishi.

Tunamsikiliza Ndalu Chilewa. Nani mwingine?
Bahi, ndani ya ghala la mpunga, mwezi wa saba,
mwaka ule sukari ilipotoka kwa kibali.
Kiingilio: shilingi tano, au yai.

Mkanda wangu ulishakatika mara mbili,
nikauunga kwa rangi ya kucha.
Penye kiungo zeze huruka
kama mtu aliyekanyaga mwiba, kisha huendelea na safari.
Tumelizoea. Siku hizi hata tukiimba wenyewe, jikoni,
tunachechemea palepale.

Usiku ule tunaujua wote:
mbuzi anayelia kabla ya wimbo wa pili,
mlango wa bati, mtoto anayeuliza, "Mama, amelala?"
Chilewa alipofumba macho.
Uzi ulipokatika, tii!, akasema,
"Naye kachoka kama mimi,"
na watu wakaangua kicheko.

Ila ubeti wa tatu hatunao.
Mdogo wangu Chibago, Mungu amrehemu na amsamehe pia,
alibonyeza kitufe chekundu, akarekodi juu yake mpira.
Basi Chilewa anaanza,
"Ewe mvua, unapita kwetu kama mkwe,"
anavuta pumzi,
"kona! wanapata kona! inachongwa..."
dakika mbili na nusu, halafu makofi,
na hatujui makofi ya nini, ya bao au ya wimbo.

Hapo ndipo tunapogombana, mwaka wa ishirini na moja huu.
Njamasi anaapa: ubeti ulimsema karani wa mizani.
Yeremia wa Mvumi: ulikuwa Kigogo kitupu, juu ya ndama.
Mimi nilikuwa na miaka tisa, nimekaa juu ya gunia;
nakumbuka kisima, na ndoo isiyofika chini.
Sechelela huchambua karanga tu.
Akibanwa sana husema, "Nilitajwa mimi,"
nasi tunacheka, naye hacheki.

Wiki iliyopita akaja kijana kutoka Kintinku,
ndani ya koti la reli la baba yake,
mikono imemzidi.
Kaseti ya marehemu bwana stesheni,
imeandikwa kwa mwandiko wa mtu aliyejaza daftari za treni:
BAHI. CHILEWA. YOTE.

Hakuna aliyegusa karanga.

Sauti hafifu, kama wimbo unaochemka chini ya mfuniko.
Mbuzi yupo. Uzi unakatika.
"Ewe mvua, unapita kwetu kama mkwe,"
pumzi.
Kimya.
Kikohozi. Kisha anacheka, yule mzee anacheka:
"Umenitoka, jamani. Ubeti umenitoka.
Nishikieni. Kila mtu aimbe wake, nitawakuta mbele."

Na ghala zima likaimba.
Mizani, ndama, kisima, sijui nini na nini,
yote kwa pamoja, hakuna neno linalosikika likaisha,
na zeze linatembea chini yao
bila haraka, kama mchungaji
aliyekwisha kuhesabu.

Njamasi alirudisha nyuma mara tatu.
Yeremia alitoka nje kidogo, akasema ni vumbi.
Kijana akauliza kwa adabu:
awarekodie wazee hawa, juu ya ile yenye mpira?
Tukasema hapana, sote, kwa mpigo mmoja,
tukatazamana kwa aibu.

Betri zilianza kuchoka, wimbo ukawa mzito.
Sechelela alikuwa bado ameinama,
sikio limegusa kitambaa cha spika.
"Huyo," alisema. "Si Chilewa.
Huyo wa nyuma kabisa, karibu na mbuzi."

Hatukumuuliza ni nani.